Sura ya Sita: Yasiyoandikwa Daftarini

Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja Unguja, Kilwa na Lindi kwa majahazi ya kaskazi katika karne ya 19 walikuwa watu wa daftari kabla ya kuwa watu wa jambo jingine lolote: waliandika pembe zilizoshuka kutoka bara, doti za merikani zilizopanda, sandarusi, rehani, na majina ya wadeni wao, wakayaandika yote kwa hati ya Kigujarati ambayo jirani zao Waswahili hawakuweza kuisoma, na kwa madaftari hayo wakashika biashara ya nchi kiasi kwamba forodha ya Unguja yenyewe ilikaa miaka mingi imekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, tajiri wa kutoka Kutch. Walakini ndani ya nyumba zao yalikuwako mambo yasiyoandikwa, mengine kwa haya, mengine kwa hofu, na mengine kwa kuwa hayakuwa na bei. Riwaya za M. G. Vassanji zimejengwa juu ya mambo hayo. Na nionavyo mimi, mizimu, majini na miujiza iliyojaa ndani yake huingia kila mara mahali pale ambapo daftari limenyamaza.

Moyez Gulamhussein Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akafiwa na baba angali mtoto mdogo, akalelewa Dar es Salaam na mama mjane aliyeishi kwa duka, akasoma huko, kisha akavuka bahari kwenda Marekani kutafuta elimu ya fizikia, ambayo aliifuata hata akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1978 alihamia Kanada, na huko, kidogo kidogo, kalamu ya riwaya ikaishinda kalamu ya hesabu. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989. The Book of Secrets, iliyotoka mwaka 1994, ilipata tuzo ya Giller ya Kanada katika mwaka wa kwanza wa kutolewa kwake, na tuzo hiyo hiyo akaipata tena mwaka 2003 kwa riwaya yake ya Kenya, The In-Between World of Vikram Lall. Nayataja haya upesi, kwa sababu tuzo hazimwelezi mwandishi, na huyu anaelezwa vizuri zaidi na watu aliotoka kwao.

Watu hao ni Makhoja Waismailia, jamaa ambao wazee wao wa Gujarat na Kutch waliingia katika Uislamu kwa mikono ya mapiri, wahubiri waliotoka upande wa Uajemi, ambao hawakuwaamuru waongofu wao kutupa hekaya walizonyonya kwa mama zao, bali walizichukua hekaya hizo hizo wakazitia maana mpya, hata Imamu Ali akaimbwa katika nyimbo za ibada kuwa ndiye yule mteremko wa mwisho wa Vishnu aliyengojewa na Wahindu. Kwa hiyo Khoja aliposhuka jahazini Kilwa alikuwa amekwisha kuwa na desturi ya kuishi katika hekaya mbili kwa wakati mmoja bila ya kuona haja ya kuzipatanisha, na si ajabu kwamba ile ya tatu, ya mizimu na majini ya pwani, haikumshinda kumeza. Vassanji hawaiti watu wake kwa jina lao. Amewatungia jina la Shamsi, na kwa hila hiyo ndogo amejipatia uhuru wa kusema aibu zao bila ya kushtakiwa na mtu yeyote kuwa amemtaja babu yake.

Huko India penyewe wako waandishi waliotangulia kuoanisha hekaya na mageuzi ya watu. Raja Rao, katika Kanthapura ya mwaka 1938, alimpa bikizee wa kijiji kazi ya kusimulia harakati za Gandhi, naye bikizee akazisimulia kama anavyosimulia habari za miungu, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kusimulia jambo kubwa. Lakini bikizee wa Raja Rao anasimama juu ya ardhi ya wazee wake, mungu wa kike wa kijiji anamlinda kutoka kilimani, na hekaya yake ina mahali pa kukaa. Vassanji ana kazi ngumu zaidi, maana watu wake waliiacha ardhi ya hekaya zao nyuma ya bahari, nao katika nchi waliyofikia walikaa vizazi vitatu au vinne na mguu mmoja mlangoni.

Katika The Gunny Sack msimulizi ni Salim Juma, kijana wa Dar es Salaam aliyeishia ughaibuni, ambaye amerithi gunia la zamani kutoka kwa bibi mmoja wa ukoo, Ji Bai. Gunia hilo lina jina, Shehrbanoo, na msomaji aliyekulia hadithi za Alfu Lela Ulela atamtambua mara moja yule dada aliyeahirisha kifo chake kwa kusimulia. Ndani yake mna vikorokoro vya ukoo, mna madaftari ya zamani, mna shati lenye damu. Mwenye madaftari ni Dhanji Govindji, babu wa baba yake Salim, aliyetoka Gujarat akapitia Unguja na kutua katika mji mdogo wa pwani ambao mwandishi ameuita Matamu, na huko, kabla ya kuletewa mke wa jamaa yake, alikaa na mjakazi aitwaye Bibi Taratibu, akazaa naye mwana, Huseni. Mke wa halali alipofika, Taratibu aliwekwa kando. Huseni alikua chotara katika nyumba isiyojua imweke wapi, akagombana na baba yake, akatoka, asionekane tena.

Hapo ndipo riwaya inapoanza hasa. Dhanji Govindji, mkubwa wa jamaa zake, mtu wa heshima na amana, anatuma watu na barua kila upande kumtafuta mwanawe. Fedha zake zinakwisha, anaingiza mkono katika fedha za jamaa alizokabidhiwa, na mwisho anauawa. Madaftari yake yanaweza kutuambia kilichotoka na kilichoingia, lakini hayana safu ya kuandika kwamba baba alimfukuza mtoto kwa rangi ya mama yake, kisha akafilisika kwa kumtamani. Jambo hilo likabaki kwa Ji Bai, mwanamke aliyeolewa na mwana wa pili, wa ndoa. Naye analisimulia kwa namna ya watu wasio na hati, kwa ishara, laana na mambo ya usiku. Wako wasomaji ambao huyachukua mambo hayo kuwa mapambo ya kumfurahisha mgeni. Mimi naona wanakosea. Ukiondoa laana katika habari za Dhanji Govindji utabaki na hesabu ya wizi wa fedha za jamaa, na hesabu hiyo, ingawa ni kweli, ni uwongo mtupu kuhusu kilichompata mtu yule.

Msomaji wa Songea ana sababu yake mwenyewe ya kusimama juu ya jina la Bibi Taratibu. Kilwa Kivinje, katika karne ile, ilikuwa bandari kuu ya kupakia watumwa katika pwani hii yote, na mateka waliofikishwa pale walitoka kwa wingi katika nchi za Ziwa Nyasa na katika nchi hii ya Ruvuma, wakipita kwa miguu njia za misafara. Wangoni, waliokuja kutoka kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835 na baadaye wakasimamisha huku falme mbili za Njelu na Mshope, walikuwa na sehemu yao katika biashara hiyo, wala wajukuu zao hawapati faida kwa kuificha. Mtaji wa misafara ulitoka kwa matajiri wa pwani, na nyuma ya matajiri wa pwani aghalabu alikuwako Mhindi mwenye kukopesha. Kwa hiyo mjakazi wa riwaya, aliyezaa ukoo mzima wa msimulizi, anaweza kuwa ametoka popote katika vilima vyetu, na ukoo wa wenye madaftari ukawa umeungana na nchi ya bara kwa damu muda mrefu kabla haujaungana nayo kwa siasa.

Kisha vinakuja vita vya Maji Maji, ambavyo Vassanji amevirudia katika zaidi ya riwaya moja, na ambavyo huku havihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote, isipokuwa kwa upande mmoja. Vita vilipolipuka Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, baada ya watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima, miongoni mwa mahali pa mwanzo palipovamiwa ilikuwa Samanga, kituo cha biashara cha pwani kilichokuwa na maduka ya Wahindi, nacho kikachomwa. Wapiganaji hawakukosea njia. Duka lilikuwa mahali ambapo kodi ya Mdachi ilipata umbo, kwa maana mkulima aliuza huko kwa bei ya chini ili apate rupia ya kodi, akakopa huko kwa bei ya juu alipoikosa. Vassanji analijua hilo, na sifa yake kubwa ni kwamba hawafanyi Mashamsi wake kuwa mashujaa wa vita visivyo vyao wala hawaombei huruma. Anatuonyesha watu waliofunga milango wakangojea kuona nani atashinda, wakiuza kwa huyu na kwa huyu, wakimwogopa Mdachi mchana na kumwogopa mganga usiku. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, aliyatazama maji yale ya dawa, yaliyovipa vita jina lake, kutoka ndani, kama fikira iliyowaunganisha watu na kisha ikamponyoka aliyeitoa. Vassanji anayatazama kutoka nyuma ya kaunta. Pande zote mbili ni za kweli, na mtu akisoma Hussein peke yake hatajua moshi wa Samanga ulinukaje puani mwa aliyekuwa akiungua.

Na kwa Ungoni? Maji yaliletwa huku na mjumbe aitwaye Omari Kinjala, misheni ya Peramiho ikachomwa moto Septemba 1905, na Wadachi wakajibu kwa bunduki, halafu kwa njaa, wakiteketeza vyakula na mashamba mpaka nchi ikalala. Serikali yao ilikadiria waliokufa katika nchi yote kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hata 250,000 na zaidi. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa hapa mjini Songea, na hesabu inayotajwa kila mwaka katika kumbukumbu za Mahenge, mahali penye Makumbusho ya Maji Maji, ni watu 67, akiwamo Nduna Songea Mbano ambaye mji umechukua jina lake. Simulizi za huku husema kwamba Wadachi walikuwa tayari kumwacha hai, naye akakataa kubaki nyuma ya wenzake, akataka anyongwe kama wao. Husema pia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Mbano, aliahidi msaada wa kulitafuta fuvu hilo: na hapo dola kubwa yenye makumbusho na orodha na nambari za kila mfupa ilikuja kwa watu waliokuwa na simulizi tu, ikiwa imeitwa na simulizi hiyo. Vassanji hakuyaandika haya. Nayaleta kwa sababu ni jambo lile lile analolifukua katika nyumba za pwani: mwenye kuandika aliandika alichotaka, na aliyeachwa nje ya maandishi akahifadhiwa katika masimulizi.

The Book of Secrets imelisukuma wazo hili hata ukingoni. Kitabu cha siri kinachotajwa ni shajara ya ofisa wa Kiingereza, Alfred Corbin, aliyewekwa mwaka 1913 katika mji wa kubuni wa Kikono karibu na mpaka wa nchi ya Wadachi. Miaka zaidi ya sabini baadaye, mwaka 1988, shajara inaokotwa katika stoo ya duka Dar es Salaam na kufikishwa kwa mwalimu mstaafu wa Kigoa, Pius Fernandes, anayejitwika kazi ya kuifumbua. Kuna msichana wa Kishamsi, Mariamu, aliyechumbiwa na mtu aitwaye Pipa. Alisadikiwa kuwa amepagawa, akachapwa ili pepo atoke, akaokolewa na Corbin, akamuuguza Corbin alipoumwa, kisha akaolewa, na mwana aliyezaliwa alikuwa mweupe kupita kiasi, mwenye macho ya kijivu. Je, mwana huyo ni wa nani? Shajara, ambayo imeandika mvua na kesi na hali ya hewa kwa uaminifu wa karani, hapo haina neno. Mariamu akauawa wakati wa vita kuu, na Pipa, ambaye hawezi kusoma hata mstari mmoja wa kitabu kile alichokikuta kwa mkewe, alikificha na kumfanyia marehemu mahali pa ibada katika chumba cha nyuma cha duka lake, akizungumza naye kati ya magunia ya viungo. Ni katika sahifa bora za mwandishi huyu. Kitabu kisichosomeka kimegeuka kuwa tabano, na muuza duka, mtu wa pishi na mizani, amekuwa kuhani wa mzimu mmoja; na Fernandes, msomi anayeweza kusoma kila neno, hafikii ukweli kumpita muuza duka huyo.

Mageuzi ya zama za uhuru Vassanji ameyaandika kwa mkono mwepesi zaidi. Mtaa wa Kichwele unakuwa Uhuru, Azimio la Arusha linakuja Februari 1967, Salim wa The Gunny Sack anakwenda Jeshi la Kujenga Taifa na huko anakutana na msichana aitwaye Amina, kisha mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majumba inawatoa watu wa jamaa yake katika ghorofa walizojenga kwa vizazi viwili, nao wanaanza kuuliza bei ya tiketi za kwenda Kanada. Yote haya ni sahihi na yana uchungu wake, lakini hekaya zimepungua, kwa sababu sasa kila kitu kimeandikwa: magazeti yameandika, serikali imeandika, benki imeandika. Nadhani ndiyo sababu sehemu hizi zinakumbukwa kidogo kuliko zile za Matamu.

Yuko aliyeuliza kama kuitukuza hekaya hivi hakuna hatari, na jibu la Vassanji ni The Assassin's Song ya mwaka 2007, ambayo ameiweka Gujarat kwenyewe, penye dargah ya pir wa kale iliyokuwa ikizuriwa na Wahindu na Waislamu pamoja bila ya mtu kuulizwa dini yake. Mwaka 2002 ghasia za Gujarat zinaifikia dargah hiyo na kuiharibu, kwa maana wamekuja watu wenye hekaya moja tu, iliyosafishwa, isiyokubali kuchanganywa. Hekaya ya mapiri ilikuwa na milango mingi. Hii mpya ina ukuta. Karsan, mrithi wa dargah aliyekuwa amekimbilia Marekani ili asirithi, anarudi asiamini chochote, na bado watu wanamjia.

Riwaya inayotuhusu zaidi ni The Magic of Saida ya mwaka 2012, nayo ndiyo niliyoipenda na kuikasirikia kwa kipimo kimoja. Kamal Punja, daktari wa Edmonton, mwana wa Mhindi aliyetoroka na mama Mswahili, Hamida, anarudi Kilwa akiwa mtu mzima kumtafuta Saida, mwenzake wa utotoni, ambaye Kamal aliahidi kumrudia asirudi. Akiwa mtoto aliondolewa kwa mama yake akapelekwa Dar es Salaam kwa baba mdogo ili afundishwe kuwa Mhindi, na sura zinazoeleza somo hilo, la chakula, la lugha na la kuona haya, ni kali kuliko risala yoyote niliyopata kusoma juu ya uchotara. Huseni wa riwaya ya kwanza hapa amepata sauti. Saida naye ni mjukuu wa Mzee Omari Tamim, malenga anayetunga utenzi juu ya kuja kwa Wadachi, ambaye watu wanasema hutungiwa na jini. Lakini nyuma ya jini kuna ndugu, Karim Abdelkarim, malenga pia, aliyekuwa upande wa wapinzani wa Wadachi ilhali Omari aliwatumikia. Msomaji wa Kusini hawezi kuliona jina hilo asimkumbuke Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye kweli aliandika utenzi wa vita vya Maji Maji wakati Wadachi wangali wanatawala, akabanwa, kama abanwavyo kila malenga, baina ya aliyeyaona na aliyeruhusiwa kuyasema. Vassanji amelitia jini mahali pale pale penye kubanwa huko. Mji mzima unajua jambo fulani juu ya malenga wake, hakuna anayethubutu kulitamka, basi husema ni jini. Na usemi huo unawatosha wote, pamoja na malenga mwenyewe, mpaka usiwatoshe.

Ugomvi wangu naye ni huu. Tangu Bibi Taratibu hata Saida, wanawake ambao kwao ukoo wa Kihindi umeshikana na nchi wamekuwa watu wa kutafutwa: mwanamume huondoka, hujuta, hurudi, na hadithi yenyewe ni ya majuto yake. Dhanji Govindji angalau alimtafuta mwanawe angali na nguvu za kufilisika. Kamal anakuja na fedha na umri, anaumwa, na habari zake anazisimulia kwa mchapishaji wa vitabu aliyemkuta hospitalini Dar es Salaam, ambaye ndiye anayetusimulia sisi, hata Saida, mwenye riwaya, anatufikia kupitia midomo ya wanaume wawili. Miaka yake yote aliyokaa Kilwa baada ya kuachwa, ndoa aliyotiwa, watu waliomsengenya na waliomlisha, inaonekana kwa mbali kama nchi ya bara inavyoonekana katika riwaya hizi zote, moshi nyuma ya mikoko. Mwandishi aliyefukua kimya cha madaftari ya wazee wake ameacha kimya kingine, na hakukosa ustadi wa kukiondoa, kwa kuwa ni yeye huyu huyu ambaye katika The Gunny Sack alizigawa habari za ukoo mzima katika sehemu tatu, akazipa majina ya wanawake watatu, Ji Bai, Kulsum na Amina, na ile ya kwanza akaiacha mikononi mwa bikizee wa gunia aiseme apendavyo.